Gari la Porini Lazima Liwe na Chesisi?

Tarehe 29 Januari 2016 kiwanda cha Solihull, Uingereza, kilitoa Defender ya mwisho ya muundo wa zamani, wa ukoo ule ule wa Land Rover iliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Septemba 2019 ikaja Defender mpya. Jina halikubadilika, na kwa mbali sura inafanana na ile ya zamani. Lakini ukilala chini yake kutafuta chesisi, yaani zile nguzo mbili za chuma zinazotoka bampa la mbele hadi la nyuma, huzioni. Bodi yenyewe, ya alumini, ndiyo inayobeba injini, magurudumu, abiria na mzigo wao.

Tangu hapo, na kwa kweli tangu zamani zaidi, penye gereji na watu wawili wanaojidai kujua magari ugomvi huu haukosi: gari lisilo na chesisi ni gari la porini kweli, au ni gari la harusi lililofungwa matairi makubwa?

Nimeupanga ugomvi huo kwa sauti nne za Arusha, mji ambao riziki ya watu wake wengi inapita kwenye magari ya porini. Fundi ni mzee wa kuchomelea, anayerefusha Land Cruiser za watalii. Mhandisi ni binti aliyesomea mitambo. Dereva anapeleka wageni Ngorongoro na Serengeti. Mama ana Noah ya abiria. Mimi nitaingilia pale watakaponichosha.

FUNDI: Gari ni chesisi, binti yangu. Bodi ni nguo tu. Nguo ikichanika unashona, ikishindikana unavaa nyingine, na mtu anabaki yule yule. Mimi nikiletewa mkonga, ile Land Cruiser ya pikapu, natoa bodi ya nyuma, nakata chesisi, naongeza kipande, nachomelea, naweka bamba za kuimarisha pande zote mbili, halafu najenga bodi ya watalii yenye paa la kuinuka. Kila mgeni na dirisha lake. Sasa niletee hiyo Defender yako mpya nikufanyie hivyo. Nitaanzia wapi?

MHANDISI: Hutaanza, mzee wangu, na sikushauri ujaribu. Lakini umejibu swali ambalo sikukuuliza. Umenieleza kwamba chesisi inakubali kukatwa na kuungwa. Mimi nilitaka kujua kama inapita porini vizuri zaidi.

FUNDI: Si ndiyo hiyo hiyo?

MHANDISI: Siyo. Chesisi ya kawaida ni ngazi: nguzo mbili ndefu na vipande vinavyokatiza katikati. Ukiipakia mzigo kwa juu, inavumilia sana. Ukiishika huku na huku ukaisokota, inasokoteka, kwa sababu haina kitu cha kuizuia isipokuwa vile vipande vya katikati. Bodi ya kipande kimoja ina sakafu, nguzo za milango, paa na kuta, vyote vimefungwa pamoja. Chukua bomba, jaribu kulisokota. Kisha lipasue kwa urefu, ulisokote tena. Chuma ni kile kile, lakini ugumu umeondoka karibu wote. Land Rover wenyewe wanadai bodi ya Defender mpya ni ngumu kusokoteka mara tatu kuliko miundo ya chesisi iliyozoeleka.

DEREVA: Dada, ugumu huo nikaufanyie nini? Nikiwa porini Ndutu, gurudumu moja liko shimoni na lingine liko juu ya kichuguu, mimi nataka gari lijikunje.

MHANDISI: Unataka magurudumu yapande na kushuka, kaka, siyo gari lijikunje. Kazi hiyo ni ya springi, shokapu na ekseli. Gari lenyewe likijikunja, milango inagoma kufunga, kioo cha mbele kinapata ufa, na bolti zinalegea moja moja.

DEREVA: Hapo sibishi. Kila asubuhi kabla wageni hawajanywa chai niko na spana mkononi nakaza paa.

FUNDI: Malori yanajikunja! Unimog ya Wajerumani chesisi yake imeundwa makusudi isokoteke, na inapita kusikopita gari lolote la mtu.

MHANDISI: Ni kweli. Gari likibeba tani nyingi linahitaji springi ngumu mno, na springi ngumu hazishuki shimoni. Kwa hiyo wanaiachia chesisi isokoteke ili matairi yote yabaki chini. Kwa lori ni akili nzuri. Kwa gari la watu saba ambalo springi zake zinaweza kufanya kazi hiyo, ni kuutwisha mfupa kazi ya kiungo.

Hapa naomba niingilie, maana wote wawili wanaelekea kulisahau jambo ambalo wapenzi wa magari ya porini hulichanganya kila siku. Mtu akisema "chesisi", mara nyingi anamaanisha mambo manne kwa mpigo: chesisi yenyewe, ekseli ya kipande kimoja, gia za ziada za kupandia mlima taratibu, na tumbo la gari kuwa juu mbali na mawe. Mambo hayo manne yamezoea kukaa pamoja, lakini hayajafunga ndoa. Lada Niva ya Urusi ya Kisovieti, iliyotoka 1977, haina chesisi, na bado magurudumu yake yote manne yanavuta muda wote, ina gia za kupanda taratibu, na ina kufuli ya difu ya katikati. Jeep Cherokee ya modeli za 1984 hadi 2001 haina chesisi, lakini ina ekseli nzima mbele na nyuma, na Wamarekani wanaipandisha miambani hadi leo. Upande wa pili, Hummer ya kwanza, ile iliyotokana na gari la kijeshi, ina chesisi nzito lakini kila gurudumu linajitegemea.

Wapo pia walioshindwa kuamua. Mitsubishi walipotoa Pajero mpya mwaka 1999 waliiingiza ngazi ndani ya bodi na kuviunganisha kiwandani vikawa kitu kimoja. Land Rover Discovery ya 2004 ilibeba vyote viwili, chesisi na bodi ngumu, na uzito wake ulilipia ukaidi huo. Nissan Pathfinder iliacha chesisi katikati ya miaka ya 1990, ikairudia 2004, ikaiacha tena 2012. Kampuni yenye wahandisi wote wale haikuwa ikicheza. Wateja wake ndio waliobadilika, kutoka wanaovuta boti na kubeba mizigo hadi wanaopeleka watoto shule.

Tuwarudie wenyewe.

MAMA: Mimi mniwie radhi. Mnabishania gari ambalo bei yake sitaifikia hata nikiuza na kiwanja. Noah yangu haina hiyo chesisi yenu. Siku za mnada inapanda vijijini huko Karatu na watu, mbuzi na magunia. Nani kaniambia haiwezi?

FUNDI: Mama, hiyo Noah si huwa unaileta kwangu?

MAMA: Naileta, kweli. Na kila ukichomelea pale shokapu inapoegemea, baada ya muda inapasuka pembeni ya hapo hapo ulipochomelea.

DEREVA: Umeyataka mwenyewe, mzee.

MHANDISI: Si kosa lake peke yake. Chesisi ni chuma kinene. Ukikichomelea vizuri, kinarudi kuwa chuma. Bodi ya Noah ni bati jembamba, na nguvu yake haitoki kwenye unene, inatoka kwenye mikunjo na kwenye kusambaza mzigo mahali pakubwa. Fundi akibandika bamba nene juu ya ufa, ameifanya sehemu moja kuwa ngumu kuliko jirani zake. Mtikisiko wote unakwenda kukusanyika ukingoni mwa lile bamba, na ufa mpya unaanzia hapo. Kwenye magari mapya zaidi mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu nguzo za milango na kingo za sakafu ni chuma kilichopashwa moto na kupozwa ghafla kiwandani ili kiwe kigumu. Ukikipasha tena kwa moto wa kuchomelea, ugumu unaondoka. Kwa macho huoni kitu. Rangi ikipigwa inapendeza. Siku gari likigongwa ndipo nguzo inapojikunja.

FUNDI: Unaona sasa? Umenitetea mwenyewe.

MHANDISI: Nimetetea chuma kinene, mzee. Na tangu mwanzo sijasema hakina kazi.

MAMA: Lakini Pijo je? Baba yangu alikuwa na Pijo 404, na barabara za wakati ule mnazijua. Zile zilikuwa chuma kweli.

FUNDI: Chuma kweli kweli. Chesisi ya Pijo ilikuwa haifi.

MHANDISI: Peugeot 404 haikuwa na chesisi, mzee wangu.

FUNDI: Ati?

MHANDISI: Ilikuwa bodi moja. Na ilishinda Safari Rally mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ni wa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania. Datsun zilizokuja kushinda baadaye, ikiwemo ile Violet ya Shekhar Mehta iliyotawala kuanzia 1979 hadi 1982, nazo zilikuwa bodi moja. Matope, mawe, mito, maelfu ya kilomita, na hakuna ngazi chini.

Nilidhani hoja hii ingemaliza mjadala. Mzee alikaa kimya kidogo, akauliza swali ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote yaliyoulizwa.

FUNDI: Zile gari zilibeba watu wangapi?

MHANDISI: Wawili.

FUNDI: Na mafundi walikuwa wapi?

MHANDISI: Wakizisubiri mbele, na vipuri.

FUNDI: Basi nipe na mimi gari la watu wawili, lisilo na mzigo, na timu ya mafundi inayonisubiri kila kituo. Hata baiskeli itafika. Huyu dereva ana wageni sita, mabegi, maji, chakula, matairi mawili ya akiba na galoni za mafuta. Kikivunjika kitu katikati ya Ndutu na lango la Naabi, nani anamsubiri?

DEREVA: Fisi.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo, na naona watu wengi wanaupita. Chesisi haimsaidii dereva kupita mahali pagumu. Inamsaidia baada ya kupita vibaya. Chesisi ya chuma cha kawaida ikipasuka, inaungwa na fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea, na asipokuwepo wapo madereva wanaounganisha betri mbili au tatu na kuchomelea kwa umeme wake, kazi mbaya kwa macho lakini inayofikisha gari nyumbani. Alumini haitaki hivyo. Utando wake wa juu unayeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 2,000, wakati alumini yenyewe ndani inayeyuka kwenye nyuzi 660. Bila mashine maalumu, gesi na mkono uliofunzwa, fundi anatoboa shimo badala ya kuziba ufa. Na bodi za kisasa za alumini zimeunganishwa kwa gundi na ribiti, kazi inayotaka karakana yenye vifaa vyake.

Sababu ya pili ni ile aliyoanza nayo mzee, na mhandisi aliipita haraka mno. Chesisi tupu yenye kabini mbele inakubali kuwa chochote: ambulensi, gari la polisi, la kubebea maji, la watalii, la kusambazia chanjo. Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kuuzwa Novemba 1984 na bado zinaundwa, zinaishi kwa sababu hiyo. Miaka ya karibuni Nairobi na Arusha zimeanza kuonekana Land Cruiser zilizong'olewa injini ya dizeli zikafungwa mota na betri. Kazi hiyo ingekuwa ngumu mara nyingi zaidi kama bodi ndiyo ingekuwa inabeba kila kitu.

MHANDISI: Nakubali hayo mawili. Lakini msiniambie chesisi haifi. Inaoza. Nguzo zake ni masanduku marefu, matope yanaingia ndani, hayatoki, na kutu inaanzia ndani kwenda nje. Mtu wa Tanga au Mombasa anapaka rangi nyeusi kwa nje kila mwaka huku ndani kunaliwa na chumvi. Marekani mwaka 2016 Toyota walikubali kumaliza kesi ya pikapu na magari mengine makubwa yaliyooza chesisi, mapatano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Hizo ni Toyota, na chesisi ni hizo hizo mnazoziapia.

FUNDI: Chesisi ikioza unaibadilisha. Huko Uingereza watu wanauza chesisi mpya za Land Rover za zamani, zimechovywa kwenye zinki. Unahamisha bodi, gari linaanza maisha upya. Bodi ya Mama ikioza sakafu, unabadilisha nini?

MAMA: Nabadilisha biashara.

DEREVA: Mimi nina swali moja tu. Tukipinduka, nani anatoka mzima?

Hili nililisubiri, kwa sababu kwenye mabishano ya chesisi huletwa mwishoni, kama limekumbukwa kwa bahati.

MHANDISI: Bodi moja inaanza na faida, kwa sababu imepangwa mahali pa kukunjika na mahali pa kutokukunjika. Mbele inajikunja, inakula nguvu ya mgongano, na chumba cha abiria kinabaki. Ngazi za zamani zilikuwa hazijikunji. Nguvu yote ilikwenda kwa watu. Defender mpya ilipata nyota tano za Euro NCAP mwaka 2020. Lakini siyo sheria. Australia mwaka 2016 Land Cruiser 79 ya kabini moja nayo ilipata nyota tano, baada ya Toyota kuimarisha muundo wake na kuongeza mifuko ya hewa, kwa sababu makampuni ya migodi yalikuwa yanakataa kununua gari lisilo na nyota hizo.

DEREVA: Basi langu lina nyota tano.

MHANDISI: Lako halina. Nyota zilipewa gari lilivyotoka kiwandani, siyo lile ambalo mzee amelikata katikati na kulitoboa paa.

Fundi hakujibu, na sidhani kama alikuwa na la kujibu. Wanaorefusha magari Arusha wapo mafundi hodari sana, na wapo wanaobahatisha, na mgeni anayepanda hana njia ya kuwatofautisha. Uhodari wa chesisi kukubali kukatwa ndio huo huo unaomruhusu asiyejua kuikata. Mamlaka zinazokagua magari ya utalii zingeangalia mishono ile kwa makini kuliko zinavyoangalia stika kwenye kioo, mjadala huu ungekuwa na faida.

Uzito walibishania kwa muda mrefu, nami nitaufupisha. Range Rover ya 2012, ya kwanza ya bodi ya alumini, ilipungua uzito kwa kilo zinazofika 420 ikilinganishwa na ile iliyotangulia, na kilo hizo ni mafuta yasiyochomwa. Lakini Land Cruiser 300 ya mwaka 2021 nayo ilipungua karibu kilo 200 na bado ina chesisi. Kwa hiyo anayedhani ngazi ni teknolojia iliyolala anakosea. Suzuki Jimny ya 2018, Mercedes ya G yenye injini na ile ya umeme ya 2024, Ineos Grenadier inayoundwa Hambach, Ufaransa, tangu 2022, zote zimesimama juu ya chesisi. Ford wamefanya la kuchekesha zaidi: Bronco ina chesisi, Bronco Sport haina, na mnunuzi asiyeuliza anaweza kudhani ni ndugu wa tumbo moja.

Hukumu yangu ni hii. Anayebeba mizigo mizito kila siku, anayetaka kuligeuza gari kuwa kitu kingine, au anayefanya kazi mahali ambapo fundi wa karibu ana mashine ya kuchomelea na nyundo tu, anunue gari la chesisi, na asione haya kwamba linayumba kwenye lami. Polisi wa mipakani, hospitali za wilaya na madereva wa Serengeti wako hapa. Wengine wote, yaani wengi wetu, tunaokwenda kijijini kwa barabara ya changarawe sikukuu na misiba, hatuna haja ya shangingi. Gari la bodi moja lenye tumbo la juu, matairi mazuri na shokapu zisizovuja litatufikisha, litatumia mafuta kidogo, na kwenye ajali lina nafasi nzuri ya kutulinda. Wanaonunua Land Cruiser VX kwa ajili ya foleni ya mjini wananunua heshima, na hilo ni haki yao, ila wasitutajie pori.

Na wewe unayekwenda kununua gari lililotumika, la aina yoyote kati ya hizi, nenda na tochi na nyundo ndogo, uombe lipandishwe juu. Likiwa na chesisi, gonga nguzo nyuma ya magurudumu ya nyuma. Sauti ikiwa butu, au kutu ikidondoka, ondoka. Likiwa bodi moja, mulika mahali shokapu zinapoegemea na chini ya milango. Ukiona bamba lililobandikwa, uliza nani alilibandika na kwa nini. Muuzaji akikataa lisipandishwe, usilipe.